Wasomaji Wanauliza: Fonti za mwandiko, kutoka kadi ya harusi hadi stika ya kioo

Mwezi huu barua nyingi zimehusu aina moja ya fonti: zile zinazoiga mwandiko wa kalamu, zenye mikia na madoido, zinazopendwa kwenye kadi, vyeti na mabango. Barua zilizofanana tumeziunganisha. Ukubwa wa herufi tumeutaja kwa pointi, kama programu zinavyoutaja. Pointi 1 ni milimita 0.353.

Nina stationery Morogoro. Mteja alitaka kadi yote ya harusi iandikwe kwa Edwardian Script, rangi ya dhahabu, pointi 12. Kwenye skrini ilipendeza sana. Ilipochapwa, mistari myembamba ilikatikakatika na wazee wakashindwa kusoma ukumbi uko wapi. Je, mashine yangu ina hitilafu?

Mashine yako haina kosa, ndugu. Kosa ni ukubwa wa herufi, na rangi ikaongeza tatizo.

Fonti za namna hii zina mistari ya aina mbili: mnene unaposhuka, na mwembamba kama uzi unapopanda kwenda kuunganisha herufi inayofuata. Tuseme uzi huo ni sehemu 20 kati ya 1000 za ukubwa wa fonti. Kwa pointi 12, ambazo ni milimita 4.2, uzi unabaki na unene wa milimita 0.085. Printa ya nukta 600 kwa inchi ina nukta ya milimita 0.042, kwa hiyo uzi wako umepata nukta mbili tu, na nukta moja ikikosa kushika wino, mstari umekatika.

Sasa ongeza dhahabu. Ukichagua "dhahabu" kwenye kompyuta bila wino maalumu, mashine huitengeneza kwa kuchanganya vinukta vya njano, nyekundu ya majenta na rangi nyingine. Kwa uchapaji wa mistari 150 ya vinukta kwa inchi, kila chumba cha kinukta kina upana wa milimita 0.17, yaani mara mbili ya uzi wenyewe. Uzi hauna nafasi ya kubeba hata kinukta kizima. Ndiyo maana maandishi hayohayo yakiwa meusi kamili, wino mmoja kwa asilimia 100, hutoka vizuri zaidi.

Kwa kadi ya A5 tunapendekeza hivi: majina ya maharusi pointi 40 hadi 54 kwa fonti ya mwandiko, na neno moja la kukaribisha pointi 22 au 24. Yote mengine (majina ya wazazi, tarehe, ukumbi, namba za simu za kamati) yaende kwenye fonti ya kawaida ya kitabu kama EB Garamond, pointi 11 au 12. Namba za simu usiziandike kwa fonti ya mwandiko hata mteja akilia, kwa sababu 1 na 7 zenye mikia husababisha michango kwenda kwa mtu mwingine.

Mteja akishikilia kadi nzima iwe ya mwandiko, mtafutie fonti ambayo unene wake hautofautiani sana, kwa mfano Monotype Corsiva au Dancing Script, na usishuke chini ya pointi 14. Njia nyingine ni kuzungushia herufi mstari wa rangi ileile wenye unene wa pointi 0.25. Uzi utanenepa, lakini angalia matundu ya "e" na "a", yakiziba, umezidisha.

Karatasi iliyojazwa wino mweusi, maandishi yakiachwa meupe, ni habari nyingine tena. Pale wino mweusi husambaa na kuumeza uzi mweupe kutoka pande zote mbili. Uzi ukiwa chini ya pointi 0.5, usijaribu. Na kama ni foili ya dhahabu ya kugandamiza kwa moto, tumia milimita 0.3 kama kiwango cha chini, kwa mstari na kwa uwazi kati ya mistari pia, maana foili hupenda kuziba pengo dogo.

Kwa nini Zapfino na Snell Roundhand zinaitwa zote fonti za mwandiko ilhali hazifanani hata kidogo? (Mwanafunzi wa usanifu, Nairobi)

Kwa sababu zimetokana na kalamu mbili tofauti.

Snell Roundhand ilichorwa na Matthew Carter mwaka 1965, akifuata mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa Uingereza aliyeishi kati ya 1667 na 1733. Kalamu ya mwandiko huo ina ncha kali inayopanuka ukiikandamiza. Mkono ukishuka kwa nguvu mstari unanenepa, ukipanda kwa wepesi mstari unakuwa uzi. Unene hapo unatokana na mkandamizo. Vitabu vya walimu hao vilichongwa kwenye bamba za shaba, na chombo cha kuchongea kinaweza kutoa mstari mwembamba kuliko kalamu yenyewe, kwa hiyo mwandiko ulizidi kuwa laini kadiri ulivyopita kwa wachongaji. Mkusanyo mkubwa wa aina hiyo ni wa George Bickham, uliotolewa kwa sehemu kuanzia 1733 hadi 1741, na ndio uliomwongoza Richard Lipton alipochora Bickham Script ya Adobe. Edwardian Script ya Ed Benguiat, ya mwaka 1994, ni wa ukoo huo pia. Kwa asiyekuwa na bajeti, Pinyon Script na Great Vibes ni za bure na zinakaribia.

Zapfino ni kazi ya Hermann Zapf, Mjerumani aliyezaliwa 1918 na kufariki 2015, ambaye pia alichora Palatino na Optima. Kalamu yake ni ya ncha bapa. Pale unene hautokani na mkandamizo bali na pembe: kalamu ikielekea upande mmoja mstari ni mpana, ikigeuka ni mwembamba. Ndiyo maana herufi za Zapfino zina kingo zilizokatwa mshazari, na nyingi hazishikani moja kwa moja kama za Snell.

Michoro ya awali ya Zapfino ni ya mwaka 1944, lakini fonti ilitoka 1998 kupitia Linotype. Kuchelewa huko si uvivu. Katika herufi za risasi kila herufi hukaa juu ya kipande chake cha chuma, na mkia unaotaka kupita chini ya herufi tatu za jirani hauna pa kukaa. Ukiuachia utokeze nje ya kipande, unavunjika. Snell Roundhand iliwezekana kwa sababu wakati huo herufi zilianza kupangwa kwa picha na mwanga, ambapo herufi mbili zinaweza kupandana bila kuumizana. Zapfino ilihitaji zaidi: kompyuta inayoweza kuchagua umbo la herufi kulingana na jirani zake. Kwenye kompyuta za Apple, andika neno "Zapfino" kwa fonti hiyo uone linavyobadilika ukimaliza herufi ya mwisho.

Kwa kazi zako, dada, kanuni fupi ni hii: cheti, mwaliko rasmi na jina la hoteli huvaa vizuri ukoo wa Snell, shairi, jalada la kitabu au neno moja kubwa ukutani huvaa Zapfino. Zapfino inahitaji nafasi kubwa juu na chini. Pengo kati ya mistari likiwa la kawaida, mikia ya mstari wa juu itachoma vichwa vya mstari wa chini.

Plota yangu inakata stika za vioo vya maduka. Nikitumia fonti ya mwandiko, kisu kinakata katikati ya neno, kila herufi inatoka peke yake. Nafanyaje? (Mombasa)

Hili ndilo swali lililoletwa na watu wengi zaidi, na wengi wanalaumu kisu.

Kwenye fonti inayoshikana, herufi hazijaunganishwa. Zimepandana tu. Mkia wa "m" umeingia juu ya mwanzo wa "a" kidogo, na kwa kuwa zote ni nyeusi, jicho linaona mstari mmoja. Plota haioni weusi, inaona mipaka. Mpaka wa "m" unapita ndani ya "a", na kisu kinaufuata.

Dawa ni kuyeyusha herufi ziwe umbo moja kabla ya kutuma. Kwenye Illustrator, geuza maandishi kuwa maumbo kwa Ctrl+Shift+O, kisha kwenye dirisha la Pathfinder chagua Unite. Kwenye CorelDRAW kuna mtego: ukibonyeza Ctrl+Q moja kwa moja, neno zima linakuwa umbo moja lenye mipaka inayokatana, na pale herufi zilipopandana panatokea tundu jeupe. Kwa hiyo anza na Ctrl+K kuvunja maandishi, urudie mpaka kila herufi isimame peke yake, ndipo ufanye Ctrl+Q kwa zote, kisha Weld. Usitumie Ctrl+K baada ya Ctrl+Q, kwani matundu ya "a", "o" na "e" yatajitenga na kujaa.

Hifadhi nakala ya faili yenye maandishi hai kabla ya hatua hizo. Jina la duka likiwa na kosa la tahajia, umbo lililoyeyushwa halirekebishiki.

Kagua kwa kutazama mistari bila rangi: Ctrl+Y kwenye Illustrator, na Wireframe kwenye menyu ya View ya CorelDRAW. Ukiona mstari wowote unaokatiza kiungo, bado.

Halafu unene. Stika yenye mstari chini ya milimita 1.5 hunyanyuka wakati wa kuondoa mabaki, au hubaki kwenye karatasi ya kuhamishia badala ya kushika kioo. Kwa fonti yenye uzi wa sehemu 20 kati ya 1000, kupata milimita 1.5 kunahitaji fonti ya milimita 75, yaani kama pointi 212. Jina likiwa dogo kuliko hapo, ongeza ukingo wa milimita 0.3 hadi 0.5 kuzunguka umbo lote baada ya kuliyeyusha, au badilisha fonti. Pacifico, ambayo imenona kila mahali, hukatwa bila shida hata ikiwa ndogo.

Wanaokata akriliki ya milimita 3 kwa leza kwa ajili ya majina ya kuweka juu ya keki, kiungo chembamba kuliko milimita 2.5 kitavunjika mkononi mwa mwenye keki. Na nukta ya "i" haina kinachoishika. Iunganishe na mwili wa herufi kwa kijiti, au iache.

Naandika vyeti na kadi Nyeri. Majina kama Wanjirũ na Mũthoni yanaharibika: ũ inatoka wima na nene, herufi nyingine zimelala. Na ng' nayo inaacha pengo baya.

Fonti yako haina ũ. Programu ikikosa herufi huazima kutoka fonti nyingine bila kukuambia, ndiyo maana unaona mgeni katikati ya jina.

Njia ya haraka ya kupata fonti inayofaa ni kutafuta inayohudumia Kivietinamu. Lugha hiyo hutumia ĩ na ũ zilezile za Kikuyu, Kikamba na Kimeru, kwa hiyo fonti iliyotengenezwa kwa ajili yake inazo. Kwenye Google Fonts unaweza kuchuja kwa lugha, na Great Vibes na Dancing Script zimo. Kuziandika kwenye Word, charaza 0169 kisha Alt+X upate ũ, na 0129 kisha Alt+X upate ĩ. Herufi kubwa ni 0168 na 0128. Ukishapata, nakili upeleke programu nyingine.

Kama mteja amependa fonti isiyo nazo, utaweka kiwimbi kwa mkono. Geuza jina kuwa maumbo, chukua alama ya ~ ya fonti hiyohiyo, ipunguze, iweke juu ya "u" ikiwa imesogea kulia kidogo kufuata mlalo wa herufi. Kwa ĩ lazima ufute nukta kwanza, la sivyo herufi itavaa kofia mbili.

Kuhusu ng': hakikisha ni alama iliyopinda, Alt+0146 kwenye Windows, si ile iliyonyooka kama msumari. Pengo linatokana na programu kuacha nafasi kamili ya alama hiyo baada ya "g", na kiungo cha kwenda herufi inayofuata kukosa pa kushika. Weka kielekezi baada ya alama, punguza nafasi kwa sehemu 80 hadi 120 za elfu mpaka mwanzo wa herufi inayofuata ukaribie mwili wa "g". Alama yenyewe iinue kidogo. Kwenye Ng'ang'a utafanya hivyo mara mbili, na usikubali mapengo mawili yasiyolingana.

Jina la kampuni yangu naliandika kwa herufi kubwa zote, fonti ya mwandiko. Rafiki anasema halisomeki.

Rafiki yuko sahihi. Herufi kubwa za fonti hizi zilichorwa kuongoza neno. Hazikuchorwa kusimama bega kwa bega: mikia inagongana, na J, I na T zinakuwa ndugu watatu. Andika herufi kubwa moja mwanzoni, au hamia fonti nyingine.

Kwenye picha za matangazo fonti ina mikia mirefu ya kupendeza. Nikiisanidi kwenye kompyuta yangu na kuandika kwa Word, mikia haipo. Nimeuziwa feki? (Mwanza)

Huenda mikia imo ndani, imefichwa. Kwenye Word bonyeza Ctrl+D, nenda sehemu ya Advanced, weka tiki kwenye Contextual Alternates, kisha jaribu Stylistic Sets moja baada ya nyingine. Word haionyeshi kila kitu. Illustrator ina dirisha la Glyphs ambalo hukupa maumbo yote, ukichagua herufi na kubofya umbo. Watengenezaji wengi pia huweka mikia kwenye nafasi za ziada ambazo Character Map ya Windows inazifikia, ukanakili na kubandika. Ubaya wa njia hii ni kwamba faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, mkia unakuwa kisanduku. Toa PDF.

Vichwa vya herufi vikionekana vimekatwa kwenye Word, tazama nafasi kati ya mistari. Ikiwa Exactly, ibadilishe iwe At least au Multiple.

Sasa jambo ambalo matangazo hayo hayatakuambia, kwa kuwa yametengenezwa kwa Kiingereza. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Kwa hiyo unaponunua fonti kwa ajili ya mikia ya mwisho wa neno, kagua a, e, i, o na u tu. Mikia mizuri ya "d", "y" na "t" iliyojaza picha ya tangazo hutaitumia ila kwenye majina machache. Na kwa kuwa maneno mengi huishia na "a" ileile, ukiwasha mikia kila mahali, "Familia ya Bwana na Bibi" itakuwa na mikia minne inayofanana kwa mstari mmoja. Weka mmoja, kwenye neno la mwisho la mstari, au kwenye jina la bibi harusi. Mkia wa kushoto mwanzoni na wa kulia mwishoni hulipa jina uwiano, mradi isigusane na pambo la ukingo wa kadi.

Usiongeze nafasi kati ya herufi hata kidogo. Iache sifuri, maana kila nukta unayoongeza inakata viungo.

Fonti nyingi za bure zinasema "personal use". Nikimtengenezea mteja kadi tu, ni kosa?

Ndiyo, kwa sababu umelipwa. Matumizi binafsi ni kadi ya mwanao mwenyewe. Tafuta fonti zenye leseni ya SIL Open Font License: unaruhusiwa kuzitumia kibiashara, kuzipachika kwenye PDF, hata kuzirekebisha kwa masharti ya leseni hiyo, ila huruhusiwi kuiuza fonti yenyewe peke yake. Faili la OFL.txt hukaa ndani ya kifurushi, lihifadhi. Fonti za majaribio mara nyingi pia hukosa tarakimu, alama ya & au ile ya ng', na utagundua usiku wa kukabidhi kazi.

Kadi za nikaha huku Unguja huanza na Bismillahi. Nikiibandika kwenye programu, herufi zinaachana na kusomeka kinyumenyume.

Programu hiyo haijui kuunganisha Kiarabu. Kila herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo, mwanzoni, katikati, mwishoni au peke yake, na programu isiyofanya hesabu hiyo huweka umbo la peke yake, tena kutoka kushoto. Kwenye matoleo ya Photoshop yenye chaguo hilo, fungua Preferences, sehemu ya Type, uchague injini ya maandishi ya World-Ready (matoleo ya zamani huiita Middle Eastern), kisha uanze faili jipya. Kwa CorelDRAW ya zamani, andika kwenye Word kwa fonti ya Amiri, ambayo ni ya bure na imefuata herufi za naskh za matbaa ya Bulaq ya Cairo, toa PDF, kisha uiingize CorelDRAW ukichagua maandishi yaje kama maumbo.

Hapa pia nafasi kati ya herufi ni sifuri. Ukitaka kurefusha neno lijaze mstari, tumia kirefusho cha Kiarabu chenyewe, U+0640, kati ya herufi zinazoshikana. Na usiweke Bismillahi kwenye mstari wa kukunjia kadi: karatasi ya gramu 300 hupasuka wino pale, na irabu ndogo za juu ndizo hupotea kwanza.

Kabla ya kuchapa nakala zote, mpe mtu anayesoma Kiarabu aisome kwenye nakala ya kwanza iliyochapwa. Kwenye skrini, herufi iliyokosa kiungo kimoja inaweza kumpita hata msomaji mzuri.